Shangazi, hoteli imeniita tena. Nirudi, au nibaki na biashara ya mke wangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto watatu, mkazi wa Ukunda, kaunti ya Kwale. Kabla ya korona nilikuwa mhudumu wa mkahawa katika hoteli moja ya ufuoni Diani. Niliingia pale kama mwosha vyombo, nikapanda hadi nikawa msimamizi wa wahudumu wa zamu ya jioni. Kijerumani nilijifunzia hapo hapo mezani, na Kiitaliano cha kunitosha. Kuna wageni waliokuwa wakija kila Desemba, na kabla hawajapewa ufunguo wa chumba wanauliza kama nipo.

Machi 2020 unaijua ilivyokuwa. Ndege za kimataifa zilisimamishwa, wageni wakaondoka kwa mafungu, nasi tukaambiwa twende nyumbani kwa likizo isiyo na malipo mpaka tutakapoitwa. Agosti niliitwa kweli, lakini kwenda kupokea barua ya kuachishwa kazi. Nililipwa kiasi, si chote nilichotarajia. Nikatia sahihi kwa sababu nyumbani hakukuwa na unga.

Aliyetuvusha ni mke wangu. Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwisho wa Aprili, na kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni. Watu hawakuwa na nafasi ya kuzungukia futari, maana ukichelewa kidogo unakutana na askari. Mke wangu akatoa meza akaiweka mbele ya nyumba, akawa anauza viazi karai, kaimati na mkate wa sinia kuanzia alasiri. Kufika saa kumi na mbili meza nyeupe. Baada ya Idi akahamia mahamri na mbaazi za nazi za asubuhi, na hajasimama mpaka leo. Sasa ana wasichana wawili wanaomsaidia, anapeleka mahamri kwenye vibanda vya chai vya stendi na kwa mafundi wa majengo, na saa kumi za usiku jiko lake lishawaka. Mimi nilinunua tuktuk kwa mkopo wa chama chake. Alfajiri nasambaza mahamri, mchana nabeba abiria.

Mwezi uliopita mkubwa wangu wa zamani kazini alinipigia simu. Anasema hoteli inajaa, vijana waliochukuliwa hawana uzoefu, na nafasi yangu ipo. Mkataba ni wa msimu: wageni wakiwepo nafanya kazi, wakipungua narudi nyumbani bila malipo, wakija tena naitwa. Mshahara uko chini kidogo ya ule wa 2019. Lakini Shangazi, sikwambii uongo, siku ile nilifurahi mpaka usingizi ukanipotea. Nilivitoa viatu vyangu vyeusi vya kazi chini ya kitanda, nikavipaka rangi na kuvisugua mpaka vikang'aa.

Nilipomwambia mke wangu alinyamaza. Usiku ndipo aliposema: "Wewe unataka turudi 2019. Mimi 2019 nilikuwa nakuomba hela ya sabuni." Tangu hapo tunasalimiana tu. Anasema nikiondoka usambazaji utakufa, na dereva wa kuajiri atamla hesabu. Mimi nasema mwanamume hazuiwi kufanya kazi aliyoisomea kwa jasho. Wenzangu nao hawanisaidii. Wanasema, "Mambo yamerudi kama zamani, na wewe bado unabeba masufuria ya mkeo?" Maneno hayo yananikata.

Liko na jingine. Kijana wetu wa kwanza alikuwa kidato cha pili shule zilipofungwa. Miezi ile ya kukaa nyumbani akaanza kushinda kwenye gereji ya bodaboda ya mtaani, akaonja hela, na Januari 2021 wenzake waliporudi shuleni yeye hakurudi. Nilimpigia kelele, nikampeleka kwa mwalimu mkuu, nikamtuma mjomba wake, wapi. Binti anayemfuata alikuwa darasa la nane. Alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza msingi, Machi 2021, akamaliza KCSE, ule wa sekondari, 2024, na sasa anajipanga kwenda chuo. Kila nikimwona na makaratasi yake ya chuo, moyo unakwenda kwa kaka yake. Naamini kama ningekuwa na kazi yangu yule mtoto asingeacha shule. Nafikiri nikirudi hotelini hata yeye ataona nyumba imekaa sawa, huenda akajirudi.

Shangazi, kila mtu anasema korona ilikwisha na maisha yamerudi. Mbona kwangu hayajarudi? Nichukue kazi yangu, au mke wangu ana haki? Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Baba Watatu, Ukunda

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikairudia, na kabla ya lolote nataka ujue kwamba ile furaha iliyokukosesha usingizi naielewa na naiheshimu. Mtu aliyeanzia kwenye sinki la vyombo mpaka akasimamia zamu nzima ana ufundi mkononi, na ufundi huo ulichukuliwa kwa barua moja. Hakuna aliyekuja kukupa pole. Wakati ule kila mtu alikuwa na lake: huyu anazika, yule anafungiwa, mwingine anatafuta unga. Watu waliofiwa walihesabiwa. Kenya peke yake ilirekodi vifo zaidi ya 5,600 vya ugonjwa ule. Waliopoteza kazi walioipenda walitakiwa tu washukuru kwamba wako hai. Washukuru, ndiyo, lakini uchungu wao ulikuwa wa haki, na wako bado upo. Kwa hiyo usione aibu kwa vile viatu.

Sasa unaniuliza mbona kwako maisha hayajarudi. Nchi ilifunguliwa kwa matangazo, na matangazo yana tarehe. Ndege za kimataifa zilianza tena Agosti 1, 2020. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa, Rais Kenyatta alipotangaza uwanjani Wang'uru, Kirinyaga. Sharti la barakoa hadharani likaondoka Machi 2022. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani likasema korona si dharura ya dunia tena. Hesabu za wageni nazo zimepanda: waliokuja Kenya kutoka nje walikuwa zaidi kidogo ya milioni 2 mwaka 2019, mwaka 2020 hawakufika laki 6, na 2024 walipita milioni 2.3. Kwa hiyo mkubwa wako wa kazi hakudanganyi anaposema vyumba vinajaa.

Ila nyumbani kwako hakuna aliyetangaza lolote. Hakuna siku mliyoketi wewe na mkeo mkasema: ile hali ya dharura imekwisha, sasa tupange upya nani afanye nini, nani ashike hela, nani aamue. Mlianza kwa meza ya futari mlangoni, mkaendelea hivyo hivyo, siku zikajibeba. Wewe moyoni ukawa unahesabu kwamba hii ni ya kupita, hoteli itaniita. Yeye akawa anajenga. Ndiyo maana ile simu moja ilipolia, kwako ikawa habari njema na kwake ikawa tishio. Hamkuwa mnaishi mwaka mmoja, mwanangu, na hilo si kosa la mmoja wenu.

Lile neno lake la sabuni usilipite haraka. Hakusema hataki ufanye kazi. Amekwambia jinsi alivyokuwa akiishi zamani zile unazozitamani. Wewe 2019 ulikuwa na cheo, bakshishi, wageni wanaokuulizia kwa jina. Yeye 2019 alikuwa akisubiri urudi usiku wa manane ili kesho yake akuombe shilingi mia. Ukisema "maisha yangu yarudi", masikioni mwake unasema na ya kwake yarudi. Mwanamke anayewasha jiko saa kumi za usiku, anayelipa wasichana wawili, anayeaminiwa na chama mpaka akakopewa hela za tuktuk, huyo hawezi kulisikia neno hilo akatulia.

Tena wewe ni mtu wa Ramadhani na Idi, hili unalijua bila kufundishwa nami. Kulisha nyumba ni juu ya mume, na mali ya mke ni yake. Alichokitoa miaka yote hii kukulisheni wewe na watoto kilikuwa hisani. Hujaniandikia popote kwamba umewahi kumwambia ahsante kwa maneno ya wazi, watoto wakisikia. Kama umemwambia, vizuri. Kama bado, anzia hapo, na umwambie kabla hujataja hoteli. Usimwambie ili akuruhusu. Mwambie kwa sababu ni kweli.

Na hao wenzako wa "masufuria ya mkeo" waache na maneno yao. Wao mwezi ukiisha hawaji kukulipia kodi. Mahamri yanaumuka usiku, yanakaangwa alfajiri, na yasipofika kibandani chai ikiwa bado moto yamekuwa hasara. Anayeyafikisha ndiye anayeigeuza kazi ya usiku kuwa hela. Kazi hiyo umeifanya kwa miaka na hujaiangusha. Nasikitika kwamba hakuna aliyekwambia hivyo, pengine hata mkeo.

Tuje kwenye mkataba wenyewe, maana hapa ndipo ninapoogopa kwa ajili yako.

Unaitwa kwenye kazi ile ile, kwa mshahara ulio chini ya wa 2019. Kumbuka bei za vitu hazikubaki 2019. Wewe una tuktuk, unajua petroli ilivyopita shilingi 200 kwa lita Septemba 2023. Unga, mafuta ya kupikia, karo, vyote umeviona. Mshahara mdogo kuliko wa zamani ni mdogo mara mbili. Halafu kuna makato ambayo 2019 hayakuwepo au hayakuwa hivi. Kwenye bima ya afya, badala ya NHIF sasa ni SHA, asilimia 2.75 ya mshahara wote, tangu Oktoba 2024. Kuna ada ya serikali ya kujenga nyumba, asilimia 1.5. NSSF, akiba ya uzeeni, ambayo zamani ilikuwa shilingi 200 sasa inakatwa kwa asilimia, na mwajiri naye anachangia sawa na wewe. Hilo la NSSF mimi nalihesabu upande wa faida, kwa sababu tuktuk haikuwekei chochote cha uzeeni. Lakini ni lazima ukokotoe kitakachobaki mkononi, ukilinganishe na unachopata sasa, alfajiri na mchana.

Kubwa zaidi ni ule mkataba wa msimu. Diani unaifahamu kuliko mimi: mvua za masika zikianza Aprili wageni wanapungua, na kuna hoteli zinazofunga kabisa mpaka Juni au Julai. Zamani ulikuwa mfanyakazi wa kudumu. Masika ilikuwa shida ya mwajiri. Kwa mkataba huu masika inakuwa shida yako. Yaani ile likizo isiyo na malipo uliyopewa mara moja kwa sababu ya janga, sasa itakuja kila mwaka bila janga. Unaniuliza kama maisha yamerudi. Hoteli yenyewe haijakurudishia kazi uliyokuwa nayo. Imechukua jina la kazi ile na kuliweka juu ya kazi nyingine.

Kwa hiyo usijibu ndiyo wala hapana kwenye simu. Omba mkataba kwa maandishi, uje nao nyumbani, uusome ukiwa umeshiba. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu ile barua ya 2020 uliitia sahihi ukiwa na njaa, na hakuna anayeweza kukulaumu. Angalia kama muda wako unahesabiwa kuunganishwa, msimu kwa msimu, au kila ukiitwa unaanza upya kama mgeni. Angalia likizo ya mwaka; sheria inasema si chini ya siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 ya kazi mfululizo, na waajiri wengine hukatisha mikataba njiani ili miezi hiyo isitimie. Uliza bakshishi za mezani zinagawanywaje siku hizi, maana wageni wengi sasa wanalipa kwa kadi na hela hazipiti mkononi mwako. Uliza utarudije nyumbani zamu ikiisha usiku. Kabla ya kutia sahihi, mtafute mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa mahoteli, KUDHEIHA, akuonyeshe makubaliano ya chama na waajiri yanasemaje kuhusu wafanyakazi wa msimu. Mwajiri mwema hatakasirika kwa maswali haya.

Kuhusu yale malipo ya Agosti 2020, nitakwambia ukweli mchungu ili usiendelee kuweka tumaini mahali ambapo halipo. Sheria ya ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe ilani ya mwezi na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia kazini. Pengine hukupewa chote. Lakini sheria hiyo hiyo inaweka miaka mitatu ya kudai mahakamani, na miaka hiyo imekwisha pita. Kitu kimoja bado unaweza kukifuatilia: nenda ofisi ya NSSF na kitambulisho chako, uchukue taarifa ya akiba, uone kama makato ya miaka yako yote ya hotelini yaliwasilishwa. Hizo ni hela zako, na ukikuta miezi iliyoruka, waulize pale pale hatua za kufuata.

Umeniuliza waziwazi, nami nakujibu waziwazi. Kwa masharti uliyonieleza, mimi nisingeichukua kazi hiyo. Ukipewa mkataba wa kudumu, au angalau wa mwaka mzima wenye mshahara unaokwenda na bei za leo, nitasema jambo jingine: kaa na mkeo, mpime. Na kama moyo unakuvuta kwenda msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Machi, ili ujue kama kweli ni kazi unayoitamani au ni ujana wako, hilo pia si dhambi. Ila liwe ni makubaliano ya watu wawili.

Kuna mambo ya kukubaliana. Mkopo wa tuktuk umechukuliwa kwa chama chake, yaani kwa jina lake na kwa uso wake mbele ya wanawake wenzake. Ukiacha kubeba abiria, nani analipa? Ukishindwa mwezi mmoja, anayeaibika kwenye kikao cha chama ni yeye. Lisemeni hilo kwanza. Kisha fungueni daftari lake la hesabu pamoja, mwone ni vibanda vingapi vinategemea usambazaji wa alfajiri, na dereva akilipwa kitabaki nini. Usijiambie kwamba utafanya vyote viwili. Zamu ya jioni inakutoa kazini karibu na saa sita usiku, na jiko linawashwa saa kumi. Mwili wa mtu mwenye watoto wakubwa hauendi hivyo mwezi mzima, na tuktuk inayoendeshwa na mtu mwenye usingizi kwenye barabara ya Ukunda alfajiri sitaki hata kuifikiria.

Tena nikwambie jambo ambalo sioni kama umelitazama. Ujuzi wako haukubaki hotelini. Diani imejaa nyumba na kotegi za kupangisha, na wageni wanaokaa humo wanatafuta kifungua kinywa na chakula cha jioni cha pwani. Mkeo anapika vitu ambavyo wageni hao wangevifurahia. Wewe unajua kupanga meza, kuandika menyu, kuzungumza na mzee wa Kijerumani kuhusu kinachomdhuru tumbo. Nyumba mbili tatu za kuanzia zingetosha kuwaonyesha kama inalipa. Lakini mwendee mkeo kama mtu anayeleta wazo kwenye biashara ya mwenziwe. Usije ukaichukua ukaifanya yako kwa kuwa wewe ndiwe uliyekuwa msimamizi. Kibali cha afya cha kaunti kwa wanaoshika chakula mtahitaji wote, na najua hicho unakifahamu tangu hotelini.

Sasa kijana.

Unasema ungekuwa na kazi yako asingeacha shule. Huwezi kulijua hilo, mwanangu, na unajichapa bure. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Oktoba wakarudishwa darasa la nne, la nane na kidato cha nne. Waliobaki walisubiri mpaka Januari 4, 2021. Mtoto wa kidato cha pili alikaa nyumbani zaidi ya miezi tisa, katika umri ambao mtu anabadilika kila wiki. Walikuwepo waliorudi, walikuwepo wasichana waliorudi na mimba au wasirudi kabisa, walikuwepo wavulana waliokwenda baharini, machimboni, kwenye boda. Katika familia za wenye mishahara pia walikuwepo. Dada yake alikuwa na bahati ya mwaka: darasa la nane liliitwa mapema kwa sababu ya mtihani, akawahiwa kabla mkono haujazoea hela. Watoto wa nyumba moja, tofauti ya madarasa mawili tu.

Kwa hiyo lile wazo kwamba ukivaa tena sare yeye atajirudi, liondoe kichwani. Ni mtu mzima sasa, miaka ishirini na kitu, hajakaa gereji kusubiri baba ashike trei. Na umeniandikia kwa kirefu alichokiacha, hukuniandikia hata mstari mmoja anachokijua. Anafungua injini? Anaunga waya? Wateja wanamtafuta yeye, au ni wa kuosha tu? Nenda gereji. Usiende kwa hotuba. Peleka tuktuk yako ikaguliwe breki, umlipe kama mteja, ukae pale kwenye benchi umtazame akifanya kazi.

Baadaye, siku nyingine, mweleze njia zilizopo. Fundi asiye na cheti cha shule anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu, na cheti hicho kinatambuliwa na waajiri. Kuna vyuo vya ufundi vya kaunti vinavyomchukua mtu bila KCSE. Na kama ana hamu ya kumaliza sekondari kama mtahiniwa wa kibinafsi, basi asikawie kuuliza: darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, lilifanya KCPE 2023, na litafika kwenye KCSE 2027. Mtu anayetaka kuupata mtihani wa mfumo alioanza nao hana miaka mingi ya kufikiria. Mwambie hivyo bila kumtisha, halafu mwache achague. Akichagua kubaki na spana zake, mpe baraka zako kwa sauti ya kusikika, kwa sababu nadhani amekuwa akizisubiri tangu Januari ile.

Akikubali mwenyewe, na awe na leseni, anaweza kuwasambazia mahamri alfajiri kabla ya gereji kufunguliwa, kwa malipo mnayoyaandika kwenye daftari kama ya wale wasichana wawili. Hilo lingeondoa hofu ya mkeo kuhusu dereva wa kuajiri. Lakini aulizwe na mama yake, biashara ni yake.

Mkubwa wako wa kazi mpigie leo, mwambie unashukuru kukumbukwa, na unaomba akutumie mkataba kwa maandishi pamoja na wiki mbili za kuusoma. Akikataa kukupa hata hizo, utakuwa umepata jibu lako kabla ya mwisho wa mwezi.

Shangazi